Kaya bila orodha ya mimea yake, ofisini ni kichaka tu

Swali nnaloulizwa sana nikisema nafanya kazi ya kupima mimea msituni ni "haya, ukishajua majina ya hiyo miti yote, halafu?" Na sichoki kulijibu manake ni swali la haki kabisa, watu wa huku kwetu Kilifi na Kwale wameona wageni wengi wakija na daftari na kamera, wanazunguka, wanapiga picha, wanaaga, na hakuna anayejua walichoandika kiliishia wapi. Leo nataka niandike kwa urefu, kwa nyie mnaoishi karibu na msitu na mnajiuliza kama hii kazi ina maana yoyote kwenu.

Jibu langu ni hili. Msitu ambao haijaandikwa ndani yake mna nini, siku akija mtu na ramani ya machimbo ya mawe, au ya ploti, au ya hoteli, huo msitu ofisini ni kichaka. Haijalishi babu zako wamezikwa mle. Haijalishi hawe wako, yaani bibi yako, alichuma dawa mle ukapona. Mwenye mradi anakuja na makaratasi, na nyie msipokuwa na karatasi yenu inayosema hapa pana mti huu na huu, na huu wa tatu haupatikani popote ila hapa na kwenye kilima kile cha pili, basi mtaongea kwa uchungu na uchungu hauna nafasi kwenye fomu. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Nimesikia wazee wakiongea vizuri mno, kwa historia, kwa hekima, na afisa anasikiliza kwa adabu mpaka mwisho halafu anauliza, "Sawa wazee wangu, ripoti iko?"

Na sisi watu wa pwani tuna ushahidi kwamba ripoti inafanya kazi, manake kaya zetu zimepitia hiyo njia.

Kwa wasomaji wa bara na wa mbali: kaya ni makao ya zamani ya Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wakauma, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wachonyi. Watu waliishi katikati ya msitu mnene, njia za kuingilia zinajulikana, msitu wenyewe ndo ukuta. Zinahesabiwa kuanzia karne ya 16, halafu watu wakatoka kidogo kidogo kwenda kulima, na kufikia miaka ya 1940 zilikuwa zimehamwa. Msitu ukabaki na makaburi, na fingo, yaani hirizi za kuilinda kaya, zilizozikwa, na sala za kuomba mvua, na sheria za wazee: hukati mti, hulishi mifugo, hupiti pasipo njia. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti wakati wa vita vyao na Wagiriama, enzi za Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga, kwa hiyo hizi kaya kuonewa hazikuanza jana. Lakini kilichoziumiza zaidi kilikuja polepole baadaye, ardhi ya ufukweni ikapanda bei, hoteli zikaja Diani mpaka kisiwa cha Chale, mbao ikawa na soko, mkaa ukawa na soko, na vijana wakaacha kuogopa. Ulinzi wa kaya ulikuwa imani. Imani ikipungua hakuna askari wala uzio, kuna miti tu, na mti hauwezi kukimbia.

Miaka ya 1980 ndo wakaja wataalamu wa mimea kuzipima kwa mpango. Ann Robertson alitoa ripoti ya kwanza ya mimea ya kaya mwaka 1987, halafu yeye na Quentin Luke wakaizunguka misitu ya pwani ya Kenya, msitu kwa msitu, kazi ya Makumbusho ya Taifa pamoja na WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, na ripoti yao kubwa ikatoka 1993. Si orodha ya majina tu waliyoandika. Waliandika msitu upi bado upo, una ukubwa gani, umekatwa kiasi gani, nani anaukata, na ndani kuna nini ambacho hakiko kwingine. Ikaonekana kwamba zaidi ya nusu ya mimea adimu ya nchi nzima ya Kenya iko huku pwani, na kwamba vile vimisitu vya wazee, vingine hekta kumi tu unavivuka kabla jasho halijakutoka, viko juu kabisa kwa thamani.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1992, Makumbusho yakaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani na kaya zikaanza kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kama kumbukumbu za kitaifa. Mwaka 2008 kaya kadhaa zikaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Sasa niwe mkweli hapa, UNESCO iliziandika kwa ajili ya utamaduni wa Wamijikenda, si kwa ajili ya mimea, na waliozilinda miaka yote ile ni wazee, si mtaalamu yeyote. Ila ukweli mwingine ni huu, kabla ya kulinda kitu serikali inataka kujua kiko wapi na kinaanzia wapi na kuishia wapi, na hilo lililetwa na watu waliotembea kwa miguu na daftari. Wazee walikuwa na sababu, wapimaji wakaleta ushahidi, na hivi viwili vilipokutana ndo sheria ikasogea.

Kwa nini pwani iwe na mimea mingi adimu hivi? Misitu hii ni mabaki ya ukanda mmoja mrefu unaoanzia Somalia kusini unashuka Kenya, Tanzania mpaka Msumbiji, na ukanda wote unahesabiwa kuwa na spishi kama 4,000 za mimea, ambazo zaidi ya 1,700 hazipatikani kwingine duniani. Sasa huo ukanda umekatika katika vipande, na kila kipande kina udongo wake. Hapa mchanga mwekundu, pale mawe ya chokaa, kule kilima kinachopata ukungu wa bahari. Mmea umezoea mwamba wake hauhami. Ile urujuani ya Afrika ambayo Wazungu wanaipanda kwenye vyungu vya dirishani, ndugu yake mmoja wa porini anaishi kwenye mawe ya chokaa huku kwetu Kilifi, kwenye nyufa zenye kivuli, na mawe hayohayo ndo yanayotafutwa kwa saruji na kokoto. Kilima cha Mrima kule Kwale, ambacho nacho ni kaya, chini kina niobiamu na madini adimu ambayo dunia nzima inayataka saa hizi, na juu kina Gigasiphon macrosiphon, mti wa maua makubwa meupe unaojulikana sehemu chache mno za Kenya na Tanzania. Usipojua kilicho juu utaona cha chini tu.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe inavyofanyika, manake wengi wanadhani ni kutembea na kusema huu mvule, huu mbambakofi, basi.

Inaanza kabla hujagusa jani. Kwa msitu wa kaya unaenda kwa wazee, unakaa chini, unasema unataka nini na kwa ajili ya nani na nani amelipa, wanakusikiliza, wanakwambia nenda, wanajadiliana bila wewe, jibu linakuja siku nyingine. Kaya Kinondo hata mtalii akiingia anafungwa kaniki, sembuse wewe unayetaka kukata matawi. Kuna vibali vya serikali pia, vya NACOSTI, ile tume ya taifa ya utafiti, Makumbusho, au watu wa misitu kutegemea msitu ni wa nani, na hivyo vyote ni lazima, lakini kibali cha Nairobi bila ruhusa ya mzee hakikufikishi popote. Na mzee akitangulia mbele akafika mahali akasema hapa ndo mwisho, ni mwisho. Hata kama mbele kidogo unaona mti umechanua na hujawahi kuuona maishani mwako. Tunaandika kwenye ripoti kwamba sehemu hiyo haikupimwa kwa matakwa ya wenyewe, na ripoti haipungui kitu.

Mkishaingia kuna kazi za aina mbili. Ya kwanza ni kutembea na kukusanya. Unatafuta chenye ua au tunda, manake majani yanadanganya, kuna miti ya jamii tofauti kabisa yenye majani yaleyale, na mtaalamu wa hebariamu, yaani ghala la sampuli za mimea iliyokaushwa, bila ua wala tunda mara nyingi hawezi kukupa jina la uhakika. Hapa ndo nnapowaheshimu sana wazee wanaotuongoza, manake wao hawangoji ua. Wanakwangua gome kidogo kwa ncha ya kisu, wanaangalia rangi ya ndani, wanasubiri utomvu kama utatoka mweupe au wa njano au mwekundu, wananusa, na wanakwambia. Kuna mzee mmoja tunafanya naye kazi upande wa Kauma, huyo akinusa gome tu ashajua, na anakwambia na mbao yake inaliwa na mchwa au hailiwi, na moshi wake unaumiza macho au la. Maarifa hayo hayako kwenye kitabu chochote. Lakini na yeye anakubali kwamba jina moja la kwao linaweza kubeba miti mitatu ambayo kwa matumizi ya nyumbani haina tofauti, na mmoja kati ya hiyo mitatu ndo adimu, kwa hiyo lazima sampuli ichukuliwe.

Sampuli ni tawi la saizi ya ukurasa wa gazeti. Unalilaza vizuri, jani moja unaligeuza lionekane upande wa nyuma, ua unalifungua, tunda kubwa unalikata. Tunatumia magazeti ya zamani, Taifa Leo zimefanya kazi kubwa sana kwenye botania ya pwani, na juu yake mbao mbili na mikanda ya kubana. Halafu daftari. Hapo ndo utamjua mpimaji mzuri na asiye mzuri. Namba ya sampuli, tarehe, GPS, mwinuko, udongo gani, kivuli au jua, mti una urefu gani, gome lake, utomvu, harufu, rangi ya ua. Rangi ya ua lazima uiandike palepale kwa sababu likikauka yote yanageuka kahawia, na mtu atakayeifungua hiyo karatasi miaka 80 ijayo hatakuwa na njia ya kujua. Jina la kienyeji, kwa lugha ipi, na nani aliyelitaja. Hili la mwisho nalisisitiza, mzee aliyekutajia awe kwenye rekodi kama mwenyewe akitaka.

Jioni watu wengine wakipumzika sisi tunabadilisha magazeti. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, ukiacha usiku mmoja tu kuvu linaingia na kazi ya siku nzima imeoza, kwa hiyo kuna jiko la kukaushia na mtu wa kulilinda lisiunguze. Baadaye zinagandishwa kwenye friza kuua wadudu, zinabandikwa, zinapelekwa hebariamu. Ile ya Nairobi, hapo Makumbusho, ilianzia Amani kwenye milima ya Usambara mwaka 1902 ikahamia Nairobi 1950, na saa hizi ina sampuli kama milioni moja za Afrika Mashariki. Ukiingia unakuta makabati na makabati, unafungua unakuta tawi lililokatwa na mtu aliyekufa zamani, kutoka msitu ambao leo ni shamba la mkonge, na bado linaongea. Hapo ndo unalinganisha lako na ya wenzio mmoja mmoja. Kuiandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja ilichukua wataalamu zaidi ya miaka 60, wakamaliza 2012, zaidi ya spishi 12,000, na mpaka leo vinaendelea kupatikana vipya. So mtu akikwambia amepima msitu asubuhi na ripoti jioni, mshukuru mwache aende.

Kazi ya pili ni ploti. Unapima mraba, mfano mita 20 kwa 20, unazungusha kamba, na humo unapima kila mti wenye unene kuanzia sentimita 10 kwenye mita 1.3 kutoka chini. Hii watu wanaiona kavu lakini kwangu ndo inayosema ukweli wa msitu, manake hatuhesabu miti iliyosimama tu, tunahesabu na visiki. Kisiki cha zamani, kisiki kibichi, cha shoka au cha msumeno wa injini. Muhuhu unaoenda kwa wachonga vinyago, mvule wa milango, mbambakofi. Na tunahesabu miche. Msitu unaweza kuuona mkubwa, kivuli kizuri, ndege wanalia, kumbe mti fulani una mama watatu wakubwa na hakuna mtoto hata mmoja chini yao, mbuzi wamemaliza, au mbegu hazioti, na hiyo inamaanisha unatazama kizazi cha mwisho cha mti huo mahali hapo. Kwa macho hutaliona hilo. Kwa kamba na namba utaliona. Nimewahi kuona wazee wakinyamaza kimya tuliposoma idadi ya visiki barazani, manake walijua watu wanakata lakini hawakujua ni kiasi kile, na tangu siku hiyo zamu za ulinzi zilibadilika bila mtu wa nje kuagiza.

Kuna kisa cha Kilwa, kusini mwa Tanzania, ambacho kila mtu anayejali hii misitu angepaswa kukijua. Kuna mti unaitwa Karomia gigas. Ulichukuliwa sampuli mara ya kwanza huku kwetu pwani ya Kenya mwaka 1977, na mti huo wa Kenya baadaye ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana Kilwa, halafu kimya, watu wakaanza kusema umekwisha duniani. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia tena kwenye misitu ya Kilwa wakaukuta, miti michache tu imesimama. Wakakuta na mwingine, Erythrina schliebenii, mti wa jamii ya kunde wenye miiba mikali shinani na maua mekundu, ambao mwaka 1998 uliorodheshwa kimataifa kama umeshatoweka, ukaonekana tena 2001, halafu sehemu ya msitu ule ikafyekwa kwa shamba la mimea ya mafuta, watu wakakata tamaa mara ya pili. Baada ya kupatikana, wakala wa mbegu za miti wa Tanzania na bustani ya mimea ya Missouri huko Marekani wakaanza kuotesha Karomia, na ilikuwa kazi ngumu ajabu kwa sababu matunda mengi yalishaliwa na kuvu kabla mbegu haijakomaa. Lakini miche ilipatikana. Fikiria kama mwaka ule 2011 hakuna aliyepewa nauli ya kwenda kuangalia. Mti ungeisha wenyewe kimyakimya na vitabu vingesema uliisha zamani.

Na hukohuko Kilwa kuna upande mwingine ambao nauonea wivu mzuri. Sheria ya misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake wa hifadhi, lakini ili kuvuna na kuuza mbao lazima kwanza mjue mna nini, miti mingapi, minene kiasi gani, na mnaweza kutoa mingapi bila kuumaliza. Vijiji vyenye mpingo vikapima, vikaweka mpango, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Pesa ya mpingo ikaanza kuingia kijijini badala ya kuishia kwa dalali. Kwa kaya zetu hatuvuni, ni mahali patakatifu, lakini kwa misitu mingine ya jamii Kilifi na Tana River sioni kwa nini tusijifunze.

Turudi Kenya kwenye habari ya ofisi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari, na ripoti yake inawekwa wazi watu watoe maoni. Nazisoma hizo ripoti. Nyingine ni nzuri, zimefanywa na watu makini. Nyingine, sehemu ya mimea ni aya moja, "eneo lina vichaka na miti michache ya asili", imeandikwa wakati wa kiangazi, majani yamepukutika, hakuna ua hata moja, na hakuna sampuli iliyopelekwa hebariamu. Muda wa kutoa maoni ni mfupi. Huwezi kuanza kupima msitu siku hiyo. Lakini kama kijiji kina orodha yake tayari, yenye namba za sampuli zilizoko Nairobi ambazo mtu yeyote anaweza kwenda kuzifungua, basi barua yenu inakuwa ya kurasa mbili na inatosha kumlazimisha mtu arudi shambani. Na kama kwenye orodha kuna spishi iliyo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, ile ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, uzito unaongezeka. Kuna vipimo kule, kwa mfano mmea ambao eneo unalokalia ni chini ya kilomita za mraba 10 unaweza kuingia daraja la juu kabisa la hatari, kama pia makazi yake yamekatikakatika na yanaendelea kupungua. Kwa misitu ya hekta kumi kumi kama yetu, hebu piga hesabu mwenyewe.

Sasa nina la kuwaambia wenzangu wa hii kazi, na nalisema kwa sababu linaniuma. Ripoti inayoishia kwenye kompyuta ya mfadhili ni kama wenyewe wameibiwa. Inaandikwa Kiingereza, kurasa 90, majina ya Kilatini, na mzee aliyekuonyesha njia hajapata hata nakala ya ramani. Nnavyoona mimi kazi haijaisha mpaka kuwe na siku ya kurudi kijijini, barazani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, na kuwaachia wenyewe kitu wanachoweza kukitumia: ramani kubwa ya ukutani, orodha yenye majina ya kienyeji kwanza, picha za ile mimea adimu ili hata mtoto wa shule aijue. Bajeti ya hiyo siku iwekwe tangu mwanzo, si mabaki.

Na siri zitunzwe. Si kila kitu ni cha kuchapishwa. Mahali hasa pa okidi na pa ile mitapo mikubwa, Encephalartos, usipaweke wazi hata siku moja, kuna watu wanang'oa na kuuza. Dawa ndo kabisa. Mzee akikwambia mzizi huu unatibu nini, hiyo ni mali ya watu, Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi tangu 2016, na hata isingekuwepo sheria bado ungekuwa umeaminiwa. Muulize hili liandikwe au liishie hapa. Wengi watakwambia jina la mti andika, tiba usiandike. Unaandika jina.

Kwa nyie mlio kijijini, kama kuna timu inakuja kupima msitu wenu, waulizeni sampuli zitaenda wapi na nani atapata nakala. Wambieni vijana wenu wawili watatu wafanye kazi nao kutoka mwanzo mpaka mwisho, walipwe, na wafundishwe kubana sampuli na kujaza daftari, manake timu itaondoka na vijana watabaki. Na msikubali kupimwa mara moja tu kwa mwaka, hasa si Januari na Februari jua likiwa kali. Waje baada ya masika na warudi wakati wa vuli, kuna mimea inachanua wiki chache tu halafu inajificha ardhini kama kiazi na hutaiona tena.

Hata bila timu yoyote kuna mnaloweza kuanza. Simu mnazo. Mti ukichanua na hamuujui, piga picha ua kwa karibu, jani mbele na nyuma, gome, na mti mzima kwa mbali, andika tarehe na jina analoliita mzee, weka. Picha za mwaka mzima za mtu mmoja mwenye subira zinatuonyesha tuje mwezi gani na tuanzie wapi.

Masika hii tunataka kuanza na vile vichaka vidogo vya kwenye mawe ya chokaa huku bara ya Kilifi ambavyo vingi havina hata jina kwenye ramani, vile ambavyo watu wanapita kando yake na ng'ombe kila siku. Kama unakijua kimoja karibu na kwenu, kwanza ongea na wazee wa hapo, wakikubali niandikie kwa faragha. Usiposti kilipo.